Fundi Mkuu Anaondoka, Suala la Plagi Linabaki

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuyahudumia magari ya shule yetu ya udereva, Fundi Mkuu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Uongozi umeniomba mimi, mwalimu wa gari namba tatu, niandike wasifu wake kwa kuwa ndimi ninayerithi usimamizi wa magari. Walichosahau ni kwamba ndimi pia niliyegombana naye kuliko mtu yeyote hapa, na ugomvi wetu wote ulihusu kitu kinachoenea kiganjani: plagi.

Kwa wasiojua, plagi ndiyo hutoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini. Zipo za kawaida, za bei nafuu, ambazo huchoka mapema. Zipo zenye ncha ya madini ya iridiamu, za bei mbaya, ambazo ukishazifunga unazisahau kwa miaka. Magari yetu hutambaa kutwa kwa gia ya kwanza na kuzimishwa na wanafunzi kila kona, kwa hiyo plagi zake hujaa masizi haraka. Mimi nataka za iridiamu. Fundi Mkuu hataki hata kuzisikia. Alipoulizwa kikaoni anataka zawadi gani ya kuagwa, alikataa saa ya ukutani, akakataa kiti cha kupumzikia, akaomba jambo moja tu: akiondoka, tusifunge zile za bei mbaya. Uamuzi ni wangu, na nilimwahidi kwamba jibu atalisikia leo, wasifu huu ukisomwa.

Alianza kwa kuosha magari. Akawa msaidizi wa fundi, kisha fundi, kisha Fundi Mkuu, cheo alichojipa mwenyewe ingawa fundi mwingine hatukuwa naye. Ndiye aliyefunga pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu katika kila gari, na mimi binafsi ni mzima kwa sababu ya pedali hiyo. Ndiye pia aliyeanzisha somo la boneti, hivyo hakuna anayetoka hapa bila kujua kupima oili na maji. Hayo nayakiri bila kulazimishwa.

Sasa tuje kwenye Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi huyapanga magari uani, hufungua boneti zote, huchomoa plagi moja moja, huzisugua kwa brashi ya waya, huzipuliza, huziinua juu kwenye mwanga na kuzitazama. Wanafunzi wangu huwa benchini wanasubiri. Ukimuuliza atamaliza lini, hujibu "sasa hivi," na sasa hivi yake huisha adhuhuri. Wakati huo huwa anawapa waliokaa benchini ushauri wa ndoa, wa viwanja na wa kuchagua viatu. Kuna wanafunzi waliofaulu mtihani zamani ambao bado huja Ijumaa kumsikiliza.

Ijumaa moja alinogewa na hadithi akarudisha waya za plagi kwa kuzichanganya. Mtahini alipoketi na mwanafunzi kuwasha, gari lilipiga mlipuko, mtahini akachomoka na kujibanza nyuma ya tangi la maji. Fundi Mkuu alieleza kwamba gari lilikuwa linasafisha koo. Hadi leo hajabadilisha maelezo hayo.

Miaka miwili iliyopita nilishinda. Uongozi ulinunua za iridiamu kwa magari yote, nami nikashangilia mapema mno. Ijumaa iliyofuata nilimkuta amezichomoa zote anazisugua kwa brashi ileile ya waya! Ncha za plagi hizo ni nyembamba kama sindano, hazisuguliwi. Nilimwambia mimi, mwenye duka la vipuri naye akamwambia, hata maandishi ya boksi yalimwambia. Akasema hajawahi kuona kitu cha injini kisichotaka kusafishwa. Haikuchukua muda magari yote yakawa yanakohoa, naye akapita mbele ya ofisi akitikisa kichwa: "Si niliwaambia ni mbovu?" Uongozi ukarudisha za kawaida, nami nilitamani kulia.

Wiki iliyopita nilikwisha kumpigia mwenye duka aniwekee za iridiamu, ndipo mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, akaja ofisini. Alinieleza kwamba mumewe alichukua likizo fupi ili ajizoeze kustaafu. Ijumaa ya kwanza alifungua cherehani ya Mama, skrubu moja moja. Ijumaa ya pili akafungua jokofu vivyo hivyo, ingawa lilikuwa zima. Nilicheka. Mama hakucheka. Alisema alimkuta baadaye amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, amevaa ovaroli, ameshika bisibisi, hana tena cha kufungua, na ilibidi amwite zaidi ya mara moja ndipo akaitika. "Mwanangu," akaniambia, "mkifunga hizo zisizoguswa, mtamwitia nini?"

Kwa kweli roho iliniuma.

Basi, Fundi Mkuu, sikiliza, na ujue naandika haya nikiwa bado nimekasirika. Umekosea. Za iridiamu ni bora, na nitasema hivyo mpaka nami nistaafu. Lakini nimempigia tena mwenye duka, naye ameleta za kawaida, za magari yote. Zitajaa masizi kama ilivyo ada yake, na mimi sina muda wala subira ya kuzisafisha. Mlinzi ameshaambiwa akufungulie lango. Masomo ya Ijumaa nimeyasogeza yaanze adhuhuri.

Kwa niaba ya walimu, wanafunzi na mtahini, ambaye amekusamehe, tunakushukuru kwa yote, hata yale yaliyotutoa jasho. Tunakutakia mapumziko mema, siku sita kwa wiki.