Ngazi za Kanisa Lililofungwa

Kwenye basi, mbele yangu, mama mmoja alikuwa amepakata ufagio. Fundi bomba aliyekaa naye akamuuliza anaenda kufagia wapi.

"Kanisani, pale kituo kijacho."

"Mama, lile si lilifungwa mwaka jana? Siku hizi ni stoo ya magodoro."

"Najua. Nafagia ngazi za nje."

"Sasa unamfagilia nani huko?"

"Miaka thelathini nimefagia kila Jumamosi, mwanangu. Nikiacha, nitajuaje kama bado naamini?"

"Si uombe nyumbani tu."

"Nyumbani nikifumba macho, nasinzia."

Mimi huwa nasinzia kanisani kwenyewe, kwa hiyo nikageukia dirisha. Fundi akashika kichwa. "Mama, utanitia wazimu na hata hatujuani. Wakikufukuza je?"

Basi likasimama. "Walinifukuza Jumamosi iliyopita," mama akasema, akiinuka. "Nipishe nishuke."