Siku Tuliyokimbilia Jivuni

Sabato njema, ndugu zangu. Nimesimama hapa nikiwa na furaha tele, na Kiswahili changu kikijikwaa mnivumilie, maana leo tuna wageni wasiosikia Kikisii.

Wenyeji mnalijua kovu hili shingoni mwangu. Nililipata kiangazi kimoja baada ya Uhuru, siku ya Sabato kama leo. Tulikuwa tunatoka kanisani tukaona moshi kwenye kilima cha juu ya Birongo, nyasi zinaungua kuelekea msitu wa mikaratusi. Nani angerudi nyumbani kubadilisha nguo? Tulivunja matawi mabichi tukaenda kuupiga moto tukiwa bado na nguo zetu za kanisani. Kichwani nilikuwa na kitambaa cha nailoni, kipya kabisa, cha kuwaringia watu. Cheka tu, mama wa pale nyuma, hata wewe ulikuwa nacho!

Upepo ukageuka. Nikafanya vile Mkisii yeyote angefanya: nikakimbia kupanda juu, kwa sababu nyumbani ni juu. Nawaambia, moto hupanda mlima upesi kuliko mbuzi. Ulinifikia, na ile nailoni ikayeyuka ikanigandia shingoni.

Hospitali iliponya ngozi, lakini hofu nilirudi nayo nyumbani. Sikuweza kuwasha moto hata wa uji. Nikisikia kiberiti kinapigwa, natoka nje. Mwanamke mzima, na mume wangu anapikiwa na mama yake! Nilikuwa nalia peke yangu kwenye shamba la chai, nikiinama kama mtu anayechuma. Niliona haya sana.

Halafu bwana misitu akaita watu wa kujitolea aje awafundishe kuzima moto wa porini. Mama mkwe akaniambia, "Wewe nenda. Mimi nimezeeka, huu moshi wa jikoni unanimaliza macho."

Nikaenda, nikiwa nimevaa buti za mume wangu, nikakaa nyuma ya wote. Bwana misitu alianza na mavazi: pamba au sufu, nailoni ibaki sandukuni. Akatuonyesha kufyeka nyasi na kukwangua mpaka udongo mtupu, moto ufike hapo ukose cha kula. Mtu mmoja asimame pembeni na filimbi, kazi yake kuangalia upepo tu.

"Kabla hujapiga moto, jua utakimbilia wapi," alisema. "Usipande juu. Ingia pale palipokwisha kuungua."

Tulicheka. Nani anakimbilia motoni? Lakini alitufanyisha mazoezi hayo mpaka tukachoka kucheka.

Kiangazi kilichofuata kilima kikawaka tena. Wanaume wengi walikuwa wameenda soko la Ogembo, kwa hiyo tulipanda sisi wanawake. Tulikuwa tunakwangua vizuri, mara filimbi ikalia. Upepo! Wenzangu wakageuka kupanda, na miguu yangu nayo ikaanza kupanda. Nikajilazimisha kusimama.

"Msipande!" nikapaza sauti. "Jivuni! Nifuateni!"

Tukapita mahali ambapo moto ulikuwa umefifia, tukaingia kwenye jivu. Moto ukapanda mbio palepale tulipokuwa tukikimbilia. Tulikohoa, tukatazamana, sote tupo, nyuso nyeusi kama sufuria. Mmoja akaanza kucheka, tukacheka sote mpaka tukalia, na tukateremka tukiimba.

Jioni hiyo nilimwondoa mama mkwe jikoni. Nikapiga kiberiti. Kikazima. Nikapiga kingine. Mume wangu alikula ugali niliopika, akaomba aongezewe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru bwana misitu, na wenzangu walionifuata bila kuniuliza. Na yule aliyenipikia wakati wote ule bila kunisimanga hata siku moja, ameketi hapa mbele. Mama, mbuya mono! Asante sana.

Ndugu zangu, ujasiri pekee utakuunguza. Jifunze kabla moshi haujaonekana. Mafunzo ni kesho asubuhi uwanja wa shule, njooni na viatu. Na msiulize mwalimu ni nani. Mnamwona amesimama.