Diski ya Kushoto Kwake

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, na kazi yake kubwa ni kutatua matatizo ya watu ambao hata hawajatuomba. Kinyozi hutoka kuketi nasi kila akikosa kichwa cha kunyoa. Breki aliendesha lori mpaka macho yakamgomea. Wakili hajawahi kuingia mahakamani ila kumdhamini shemeji yake, naye shemeji akatoroka. Bi Birika ndiye mwenye kahawa. Mimi nashona viatu hapo pembeni, kwa hiyo upuuzi wote hunipitia masikioni. Asubuhi hiyo alikuja Baba Pacha, fundi rangi, amekumbatia taulo. Tukadhani kaleta mtoto wa tatu. Kufunua, kumbe ni diski ya kompyuta, chuma kizito kama tofali dogo.

Baba Pacha: Jamani, nimewaletea mgonjwa.

Breki: Huyu mbona hata hapumui?

Baba Pacha: Nyumbani nina kile kisanduku cha kuhifadhia picha. Kina diski mbili, kila kitu kinaandikwa kwenye zote, moja ikifa nyingine inabaki. Sasa simu imeniletea ujumbe: diski ya kushoto imeharibika. Nimeichomoa.

Kinyozi: Sema vizuri. Umeichomoa kwa maelekezo ya nani?

Baba Pacha: Ya kwako, kaka. Nilikupigia nimesimama mbele ya kisanduku, nikakuuliza, kushoto kwangu au kushoto kwake?

Kinyozi: Nami nikamwambia, kushoto ni kwa mteja siku zote! Mtu ameketi mbele yangu, ananiambia sharubu ya kushoto imezidi. Nikipunguza iliyo kushoto kwangu, si nimemharibia sura? Kisanduku nacho kina uso, kina vitaa viwili kama macho, kinakutazama. Basi ni kushoto kwake.

Tuliitikia kwa vichwa. Kusema kweli, hata mimi hoja hiyo niliipenda.

Mimi: Sasa si ununue nyingine uitupe hii?

Baba Pacha: Humo ndani kuna mama. Nilimrekodi jikoni, mwaka ule kabla hajatutoka. Ananifokea tu: "Acha kuchezea hicho kidude, njoo ule." Ndiyo sauti yake pekee niliyo nayo. Pacha wangu hawamjui bibi yao ila kwa kufoka huko. Najua yumo pia kwenye ile diski nyingine, lakini roho haitulii akibaki kwenye moja.

Tuliinamisha vichwa, kwa heshima. Heshima kijiweni kwetu haidumu.

Breki: Hapa hakuna kilichoharibika. Lori langu liliwasha taa nyekundu, nikaibandika plasta, nikaendelea na safari zangu mpaka nikastaafu.

Wakili: Na lori?

Breki: Lori lilistaafu kabla yangu. Liko bondeni.

Wakili: Sikilizeni, hii ni njama. Wanaozitengeneza wanatia saa ndani. Siku ikifika, diski inajitangaza mgonjwa ili ununue nyingine. Tena zinasikiliza. Hata sasa inatusikia.

Kinyozi: Njama wapi! Ni joto. Mashine yangu ikipata joto inagoma vilevile.

Wakili: Au imechoka kufokewa. Kila siku njoo ule, njoo ule, na yenyewe haipewi hata tonge.

Baba Pacha alicheka, lakini akaivuta diski karibu na tumbo lake.

Breki: Imelala tu. Ndani kuna kisahani kinazunguka, kimenata. Starta ya lori ikinata, unaigonga, inaamka. Hebu hicho kinyundo.

Akakichukua kinyundo changu kabla sijafungua mdomo. Ko! Ko! Ko!

Baba Pacha: Taratibu basi, mzee wangu!

Breki: Starta haitaki huruma.

Kinyozi akaingia ndani, akarudi na mashine ya kukaushia nywele, waya unamfuata nyuma, akaanza kuipuliza diski upepo wa moto.

Bi Birika: We, si umesema ugonjwa wake ni joto?

Kinyozi: Joto la ndani linatolewa na joto la nje. Mambo ya kitaalamu haya, mama.

Ndipo akatokea Mama Pacha, mkono mmoja una povu la sabuni, mwingine una simu ya mumewe.

Mama Pacha: Hamjambo? Baba Pacha, simu umeiacha mezani inapiga kelele. Inasema, diski ya kushoto imeharibika. Diski ya kulia haipo.

Baba Pacha: Hebu soma tena.

Mama Pacha: Ya kushoto imeharibika. Ya kulia haipo. Na hiyo iliyobaki inakwaruza kama bawaba zenye kutu. Watoto wamemtaka bibi yao, nimejaribu, hafunguki.

Akakiona kinyundo. Akaiona mashine ya nywele. Akamtazama Breki, kisha Kinyozi.

Mama Pacha: Sasa hii mnayoigonga ni ipi?

Breki alikificha kinyundo nyuma ya mgongo. Wakili akawa anachungulia ndani ya kikombe kitupu. Kinyozi aligeukia kioo chake kupitia mlangoni, akainua mkono wa kulia, akautazama, akaushusha, akainua wa kushoto.

Baba Pacha aliifunga diski kwenye taulo. Machozi yalimtoka mbele yetu sote na hakuyafuta.

Baba Pacha: Aliniambia niache kuchezea hicho kidude.

Mama Pacha: Haya, acha basi. Njoo ule, halafu tukamtafute anayejua.

Wakaondoka, taulo katikati yao. Breki alinirudishia kinyundo changu, na hakuna aliyeomba kahawa nyingine.