Risasi Zilizokalafatiwa

Bimdogo alichoka kuulizwa. Kila mgeni akishuka kisiwani Kudha lazima ataje ile bastola, kana kwamba vidole vilivyokatika si vya mwanawe na yeye hana kazi ila kuhadithia. Kahawa ilikuwa jikoni, benchi la ukutani pa msikiti limeshajaa, na Mahmoud wa Mombasa ameshauliza. Basi akamimina, akawaacha wanaume waropoke. Jambo lenyewe kila mtu alilijua: fisi walikuwa wakimaliza mbuzi shambani bara, upande wa Burgao, risasi za dukani zikaisha, Sabir, kakake Bimdogo, fundi wa kukalafati vyombo vya baharini, kuziba mishono yake kwa pamba, akayajaza upya maganda matupu. Fuad, mpwawe, mwana wa Bimdogo aliyelinda mbuzi, akafyatua. Bastola ikampasukia mkononi.

— Chuma kibovu kile, alisema Anwari, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Kililala mchangani tangu vita.

— Waryaa, chuma hakina kosa! alisema Husein, jina la kijiweni Kobe. Yule hakuwa fisi, alikuwa mchu, mtu aliyejigeuza fisi. Risasi ilipomjua ikakataa kwenda.

— Ikakataa?

— Ikageuka!

— Fisi wako alivaa kikoi, Kobe?

— Alivaa. Mkia kaufunga kiunoni.

— Ingegeukia huo mdomo wako, alisema Bimdogo, na kicheko kikakatika. Kaka, waambie ulijazaje.

Sabir, mwisho wa benchi, hakuwa amegusa kikombe.

— Kama ninavyojaza mshono wa chombo, dada. Pamba nashindilia mpaka haiingii tena. Ukiacha nafasi, maji yanapita. Na baruti nikaifanya vivyo hivyo. Fisi ni mkubwa yule. Nilitaka imwangushe mara moja.

— Sasa risasi ni mashua? alisema Redio.

Mahmoud akakohoa.

— Mniwie radhi, mimi mgeni. Chombo kikishakalafatiwa, siku ya kwanza majini nani hupanda?

— Fundi mwenyewe, alidakia Kobe. Akae ndani aone kama chavuja.

— Na bastola ile, mbona hakuanza yeye?

Redio alizimika. Kobe akainamia kahawa yake. Bimdogo alimtazama kakake. Muda wote ule hakuwahi kumuuliza hilo.

Baadaye wazee wakataja ngamia wa dia, fidia ya vidole vile.

— Ngamia Kudha watakula nini, mwani? alisema Bimdogo. Mwanangu hawezi kufunga kifungo cha shati; ngamia atamfungia? Wewe kaka utavuka bara. Utalala alipolala Fuad, kwa mbuzi wale wale na fisi wale wale. Bastola huna. Chukua debe upige, uwafukuze.

— Mpaka lini, dada?

— Kamuulize Fuad mwenyewe.

Sabir alikwenda, akauliza. Fuad alikuwa akila wali kwa mkono wa kushoto, na hakuinua uso. Sabir akasimama mlangoni mpaka sahani ikaisha, kisha akavuka. Vyombo vya Kudha sasa vyapelekwa kisiwa cha Koyama kukalafatiwa. Sabir angali huko bara, na Fuad hajamjibu.