Mwavuli Aliyeogopa Mvua

Benchi letu linatazamana na geti la hospitali, limeegemea ukuta wa kinyozi tunayemwita Profesa kwa sababu hakuna jambo asilolitolea maelezo. Birika ni la Mama Kahawa, na kauli ya mwisho ni yake pia. Yupo Breki, dereva mstaafu, na mimi mpiga pasi, ambaye kazi yangu pale ni kusikiliza na kucheka. Asubuhi hiyo Fundi Saa alitoka getini mbiombio akajibwaga katikati yetu. Binti yake wa miaka sita alikuwa amefifia nuru ya macho, akapasuliwa, na siku hiyo ndiyo ya kutolewa bandeji.

— Vipi, wameshamtoa bandeji? Mama Kahawa akauliza.

— Wanamtoa sasa hivi. Ila kasema hafumbui macho mpaka nimmalizie hadithi. Nimeitunga mwenyewe, na imenikwama. Nisaidieni jamani.

— Lete hadithi, Profesa akasema, akamwacha mteja na nusu ya ndevu.

Fundi akasimulia. Msichana anasafiri na wenzake watatu: Mwavuli anayeogopa mvua, Mshumaa anayeogopa kiberiti, na Ngazi anayeogopa kwenda juu. Mwavuli anatamani awe fimbo. Mshumaa anatamani awe taa ya umeme. Ngazi yeye anataka alazwe chini awe benchi. Wanakwenda kwa malkia wa mlimani awabadilishe. Wamefika, wamebisha hodi, na hapo ndipo baba mtu kaishiwa.

— Kazi ndogo hiyo! Profesa akasema. Malkia anawapa walichotaka, kwisha habari.

— Halafu mvua ikinyesha msichana ajifunike fimbo? Breki akadakia. Hebu tumia akili.

— Basi Mwavuli haogopi mvua. Anaogopa kufunguliwa. Akifunguliwa, watu wataona alivyotoboka.

— Ebo! Mwavuli ana aibu?

— Sana tu. Nimesoma hayo.

— Umesoma wapi, kwenye chupa ya mafuta ya nywele?

Mama Kahawa akacheka mpaka akamwaga kahawa.

— Sikilizeni mimi, Breki akaendelea. Mwoga ni malkia mwenyewe. Kasikia hodi, kaingia uvunguni!

— Nani atawafungulia, sasa?

— Ngazi. Wapitie dirishani.

— Ngazi anaogopa juu, wee mzee!

— Nimepata! Profesa akapaza sauti. Malkia naye alikuwa ngazi zamani. Alitamani umalkia, akapewa, na sasa usingizi haumjii, anatamani kukanyagwa!

Tulivunjika mbavu, hata yule mteja wa nusu ndevu. Fundi peke yake hakucheka. Kikombe kilimwinamia mkononi, kahawa ikamchuruzikia suruali, na macho yake yako getini.

Hapo mkewe akatokea getini, anahema.

— Baba watoto! Kumbe uko huku?

— Shemeji, tupe dakika, Breki akamsihi. Tuko mlangoni kwa malkia. Tukipata mwisho tu, mtoto anafumbua macho.

— Mtoto yupi? Wangu keshafumbua zamani! Kamkodolea daktari, kamuuliza kwa nini nywele zinamtokea puani.

Benchi zima tukaruka. Mama Kahawa alipiga kigelegele, kisha akajifuta machozi kwa kitambaa cha birika. Breki alinikumbatia mimi, ambaye sikuwa nimefanya lolote. Nilihisi kama mtoto ni wangu, na sioni haya kusema hivyo.

Mama mtu hakuruka. Alisimama mbele ya mumewe, akamtazama.

— Hadithi hajaitaja hata mara moja. Ulipoona mkasi wa bandeji ukatoka mbio. Ulikuwa unaogopa nini, mume wangu?

Fundi akainamia kikombe chake. Profesa akairudia nusu ya ndevu iliyobaki, na Breki akaanza kufunga kamba za viatu.

Mkewe akamwondolea kikombe mkononi, akanipa mimi.

— Haya, inuka. Anataka kukuona.

Fundi alilia kwanza, palepale mbele yetu. Kisha akavuka barabara anakimbia, na mkewe nyuma yake.