Sombe Bila Mafuta

Ndani ya taksi-basi ya kurudi Marabo, Dorcas alijifanya anatazama barabara, kumbe masikio yote yako kwa abiria wawili wa mbele yake.

"Muzee, macho yako iko manjano. Acha mafuta ya mawese," mama mmoja alimshauri jirani yake.

"Niliacha, huu mwezi wa tatu. Leo munganga ameniambia ni kansere ya maini. Imeziba njia ya nyongo, ndiyo inanipaka hii rangi."

"Hata kama. Usirudilie mawese."

Mawese, Dorcas aliwaza, hayana wakili wa kuyatetea.

"Muke wangu naye aliacha, juu yangu," muzee aliendelea taratibu. "Anakula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, hanunguniki. Leo ninamupelekea chupa ya mawese."

"Na habari ya kansere?"

Basi ikasimama. Muzee akashuka na chupa yake.

"Akule kwanza, mama."