Sawa Tu na Kifuniko cha Msumeno Namba Mbili

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mkewe mkunga. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akasomea useremala miaka miwili katika chuo cha ufundi. Huko alipewa meza yenye mguu mbovu, akasema, "Sawa tu," akautengeneza mwenyewe. Wenzake wakamwita Sawa Tu, na jina hilo lilimganda kuliko alilopewa na wazazi.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha mbao, kwenye msumeno wa mviringo namba mbili. Yeye alisukuma mbao, mwenzake akazipokea upande wa pili. Mwaka 1984 alimwoa fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Jumanne, tarehe 17 Juni 1997, saa nne asubuhi, ubao wenye fundo uliruka, na msumeno ukachukua vidole vitatu vya mkono wake wa kulia. Kifuniko cha kukinga meno hakikuwepo. Kilifunguliwa tangu Aprili ili mbao nene zipite. Siku ya tatu, marehemu akiwa bado amelewa dawa ya maumivu, msimamizi wa kiwanda alifika wodini na matunda na karatasi.

"Weka dole hapa, kuonyesha tu kwamba tumekuja kukuona."

"Sawa tu," akajibu, akaweka dole gumba la kushoto.

Karatasi ilisema alikifungua kifuniko mwenyewe. Kwa dole hilo akakosa fidia, na kazi ikaisha.

Mkewe alipokwenda kuchukua nguo zake za kazi, alikuta kifuniko kimerudi mahali pake. "Bolti zinang'aa kama sufuria ya dukani," alimwambia. "Hazina hata chembe ya vumbi. Nani kazifunga?" Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia tena marehemu akisema sawa tu. Shauri alilofungua kudai fidia liliposikilizwa mwaka 1998, mwenzake wa msumenoni aliulizwa juu ya kifuniko, akasema hakumbuki, na marehemu akashindwa.

Marehemu alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akafungua karakana ya kutengeneza viti nyuma ya nyumba. Shaka ikawa mkono wake wa tatu. Msoma mita alionyesha kitambulisho mara mbili kabla ya kuvuka kizingiti. Katika ndoa ya bintiye mkubwa, mwaka 2011, aliinua cheti kuona kuna nini chini yake.

"Mzee, wewe ni shahidi tu," msajili alimwambia.

"Ndiyo maana nasoma. Mashahidi nawajua."

Mwaka 2018 yule mwenzake, akiwa amestaafu, alibisha hodi. Alileta kijikaratasi cha mwandiko wa msimamizi kilichoamuru kifuniko kifunguliwe; alidai amekiona juzi tu, ndani ya sanduku la vifaa.

"Weka mezani, usinipe mkononi," alisema marehemu. Alisoma mara tatu. "Mwandiko ni wake. Lakini hiyo juzi yako siiamini."

Mwenzake alitazama sakafu. "Nilikuwa na watoto."

"Na mimi nilikuwa na nini?"

Hakumkaribisha chai. Ila walikwenda pamoja kutoa ushahidi, wakakaa mbalimbali, kila mtu na kiti chake, na tarehe 3 Machi 2021 baraza la migogoro ya kazi likatamka kwamba marehemu hakukifungua kifuniko. Aliomba nakala mbili, akazilinganisha neno kwa neno.

Mwaka jana mapafu yake, yaliyochoshwa na vumbi la mbao, yalianza kumshinda. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Siku mbili kabla, aliulizwa iwapo mwenzake aarifiwe kuhusu maziko. Akajibu, "Aje. Ashike koleo la kufukia kaburi kama wengine. Ila asipewe nafasi ya kusema."

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na huyo aliyesimama upande wa pili wa msumeno, ambaye yupo hapa, na koleo analo.

Mungu ampe marehemu pumziko lisilo na shaka.